Sista Pilipili na Binti wa Kitanda cha Nne

Miaka ishirini na miwili wodini, na bado Sista Pilipili hajajifunza kunyamaza. Jina hilo alipewa na wagonjwa, naye halikatai. Siku ile aliwaka kuliko kawaida, maana binti wa kitanda cha nne, wa miaka kumi na sita tu, alikuwa anawaponyoka huku wanamtazama.

Siku ya nne sasa anadungwa dawa za nimonia, wapi! Makohozi yamepimwa, kifua kikuu hakuna. Kwenye picha ya eksirei, weupe umetanda mapafu yote mawili, na hata kwa oksijeni binti anahema mdomo wazi. Daktari anakuna kichwa. Sista akalifungua faili kwa hasira, amtafute mzembe aliyempokea. "Anavuta? Hapana." Mwandiko ulikuwa wake mwenyewe.

"Lo! Mimi huyu huyu!"

Akakumbuka. Alimwuliza binti, akajibu mama, naye kwa kumheshimu mzazi akaandika. Ndivyo wodi nzima ilivyozoea: anaumwa mtoto, anajieleza mzazi. Upuuzi mtupu!

Akamwendea mama. "Mama, naomba utupishe kidogo."

"Nitoke? Mwanangu hana siri na mimi."

"Basi hutakosa kitu. Tupishe, mama yangu, tafadhali!"

Mama akatoka amenuna. Sista akavuta pazia, akainama. "Mwanangu, sikugombezi. Umekuwa ukivuta nini?"

Binti alilia kwanza. Kisha akasema, neno na pumzi, neno na pumzi: kisigara cha kuchaji, chenye ladha ya embe. Kinauzwa dukani mkabala na geti la shule, kando ya peremende. Alikivuta kila siku tangu muhula uanze.

Embe! Watu wazima na akili zao wamekaa chini, wakatia utamu kwenye sumu, wakaiweka mtoto anapofikia. Hawana haya hata chembe!

Kumbe mapafu yaliumizwa na mvuke ule, si vijidudu; daktari alibadilisha matibabu mchana ule ule. Alisema wangechelewa siku moja tu, wangekuwa wanazungumza mengine. Siku ya tatu baada ya hapo binti aliketi, akaomba chai, akamwambia mama yake ukweli wote mwenyewe, sista akiwa pale pale anapima joto.

Mama akashika kiuno. "Yaani unakaribia kufa, na umefunga mdomo! Kwa nini hukusema?"

Binti akamtazama sista, kisha mama.

"Nilitaka kusema, mama. Ukajibu wewe, sista akaandika."