Kichwa cha Mbwa Kilichomshinda Fundi Odile

Saa mbili asubuhi, Odile Chassagnac amepiga magoti sakafuni katika karakana yake mjini Aubusson, Ufaransa. Mbele yake pametandazwa zulia la ukutani lenye picha ya mbwa wa mawindo. Analigeuza. Analigeuza tena.

"Jamani, sielewi. Kiwiliwili kimefumwa, kichwa kimeshonwa!"

Odile, 61, amefuma mazulia haya miaka arobaini. Mita moja ya mraba humchukua mwezi mzima, kwa euro 1,500. Na mji mzima wajua anavyowacheka wanawake wa sindano, wanaojaza sufu kwenye kitambaa cha vitundu kuiga kazi ya wafumaji. Uigaji huo ni wa karne nyingi, na Kifaransa huziita kazi zote mbili jina moja.

Josiane, msusi wa jirani, naye hushona hivyo akisubiri wateja. Ameingia na kahawa yake, hana dalili ya kutoka.

"Shoga, leo sindano imekufunga mdomo!"

Mwenye zulia, mzee Fernand Mouret, 84, ameketi kando; amelileta lizibwe matundu ya nondo, wadudu wala sufu.

"Babu yangu alilifuma lote, mwanangu."

"Na kichwa, mzee?"

"Ulishaona mbwa asiye na kichwa?"

Odile hajui ashike lipi. Akikiacha kichwa hiki cha sindano, ataitwa fundi gani? Akikifumua, hakirudi tena. Anachukua mkasi.

"Usiguse!" Fernand anasimama, fimbo yake inaanguka. Sauti inashuka. "Mama alikiunguza kwa pasi. Akakishona upya babu akiwa hospitali. Akaniapisha nisiseme."

"Babu hakugundua?"

"Mfumaji yule? Alikitazama kutwa nzima. Akasema tu, 'Huyu mbwa sasa ananiona.' Mama akakimbilia jikoni kulia."

Hata Josiane kasahau kahawa.

Odile anarudisha mkasi mezani. "Sasa hili niliite nini? Limefumwa au limeshonwa? Miaka yote nilidhani najua."

Matundu ya pembeni atayafuma, hayo hayamsumbui. Kinachomsumbua ni sikio la kushoto lililoliwa na nondo: hilo lataka sindano, na sindano ya kazi hiyo hajawahi kuishika.

"Basi nifundishe," anamwambia Josiane, macho chini.

"Kwanza uniombe radhi. Kwa sauti, mzee asikie."

Ameomba. Somo linaanza Jumatatu, saluni ikiwa imefungwa, na Odile anatumaini kulimaliza sikio kabla ya Krismasi.

"Nikilirefusha sikio kwa makosa," anasema, "mzee atapokea sungura."