Bahari Isiyokupwa

Asubuhi ile uani kwangu, hapa Chumbageni, tulikuwa wanne. Mimi mwenyewe. Binti yangu wa pili. Wifi yangu, dada wa marehemu mume wangu, ambaye nakaa naye nyumba moja tangu nilipohamia hapa. Na jirani yetu, mwalimu mstaafu. Mama yake na mimi tulinyonya ziwa moja, kwa hiyo mimi ni mama yake mkubwa, ingawa mvi zake zinazidi zangu. Majina yao yote ninayo, na ya baba zao. Siyaandiki kwa sababu wenyewe hawakunituma.

Asiyekuwapo ni mjukuu wangu, mtoto wa binti yangu huyo. Alikuwa kisiwani kwa Wagiriki, akitandika vitanda katika hoteli iliyo ufukweni kabisa. Wagiriki sisi watu wa Tanga tunawajua, baba yangu alikata mkonge kwa mmoja wao. Lakini sikujua kama kwao wana visiwa vingi hivyo, tena kimoja kimebaki kama kingo za chungu kilichovunjika, mlima wa moto umezama katikati na bahari imeingia juu yake. Mtoto alinitumia picha. Mchanga mweusi kama masizi.

Mwalimu alikuja kuchukua mikate yake ya kumimina. Akaniamkia, nikamwitikia, kisha akamuuliza binti yangu kama mtoto ameshaondoka, maana kisiwa kinatetemeka siku ya nne na watu wanakimbia kwa meli. Binti yangu akatazama chini. Kumbe alijua, akanificha.

Niliuliza kama ule moto unaweza kuwafikia hotelini. Mwalimu akasema moto si wa kuogopa sana, cha kuogopa ni maji. Ardhi ikicheza chini ya bahari, bahari hurudi nyuma kwanza, kisha huja ukuta mzima.

"Inakupwa kwanza?" nikamuuliza.

"Inakupwa, mama mkubwa. Mwamba wote unabaki wazi, samaki wanatapatapa."

Upawa ulinitoka mkononi.

Mtoto yule nimemlea mimi, kule Moa, kijiji cha pwani nilikokaa kabla ya kuhamia hapa, mpaka alipotimiza miaka kumi na miwili. Siku za bamvua, maji yanapokupwa mbali, wanawake tunashuka mwambani na ndoo na vyuma vyetu kuchokoa pweza. Akiwa na miaka sita alikuwa anamtoa pweza shimoni peke yake. Nami nilimwambia kila mara: maji yakikupwa yafuate, usingoje, wenzio watakutangulia. Hakuna mtoto aliyemtangulia.

Na alipofika huko aliniambia kwa simu, "Bibi, bahari ya huku haikupwi. Ilipo asubuhi ndipo ilipo jioni. Siku ikikupwa tu, nashuka na ndoo niwaonyeshe hawa pweza anavyochokolewa." Tulicheka sana siku hiyo, mimi na wifi yangu.

Sasa wifi akasema, "Umemlea kama kaa, leo unalia kakimbilia mwambani." Ni utani wetu wa miaka yote, kwa kawaida namjibu. Safari hii nilitafuta simu. Yeye akaja kuuepua mkate uliokuwa unaungua.

Mwalimu akanishikia simu nirekodi ujumbe wa sauti, nikasema, "Mwanangu, nilikufundisha vibaya. Maji ya huko yakikupwa, usiyafuate. Acha ndoo, acha viatu, panda mlimani." Ikatoka tiki moja, yaani haujamfikia. Adhuhuri tiki moja. Alasiri niliswali nikasahau rakaa, nikarudia. Kila nikifumba macho nauona mwamba mpana, mtupu, na kitoto kimeinama.

Kesho yake mchana akapiga mwenyewe. Walikuwa wamepandishwa meli, mtandao ukakatika, wako bara salama. Binti yangu alilia. Mimi nilimuuliza moja tu, kama maji yalikupwa.

"Hayakukupwa, bibi. Ila kila likipita tetemeko nilikuwa nashuka kutazama. Nilidhani labda leo."

Hata sasa neno hilo linanitia baridi. Bamvua mbili zimepita tangu siku ile, wenzangu wa Moa wamenipigia simu kuniita, sikwenda.

Wifi yangu anasema si mimi niliyemfundisha mtoto yale maneno, ni yeye, mwaka aliokuja kukaa nasi Moa. Mimi nilikuwa naumwa goti, nabaki nyumbani. Goti nalikumbuka. Lakini maneno nayasikia kwa sauti yangu, na sijui kama wifi anasema kweli au ananitua mzigo. Mliokuwa mkishuka nasi mwambani miaka ile, mnaokumbuka nani alikuwa akimwita yule mtoto ayafuate maji, kama nimekosea nisahihisheni. Kwa hili ningependa sana niwe nimekosea.