Bibi wa Towelo anayetafuta cha kuegemea kwenye tambarare

Ukungu haujaachia mashamba ya karoti, lakini Devotha Fidelis ameshainama kwenye tuta lake la mwisho. Mkono wa kushoto umeshika ukingo wa ngazi ya juu ya shamba hili la mteremko, wa kulia unang'oa. Akimaliza hapo anasogea kwa ubavu, kiganja kikiwa bado kwenye udongo, kama mtu anayepapasa ukuta wa nyumba yake gizani.

Huku Towelo, juu mlimani, mahali ambapo bodaboda hugoma na kumwacha abiria amalizie mwenyewe, hakuna anayemhesabu Devotha kuwa mlemavu. Ana miaka hamsini na nane, fimbo ya mpera na mguu wa kulia uliopungua urefu tangu avunjike nyonga. Analima, anavuna, anateremsha mboga hadi barabarani. Wiki nzuri humwachia kama shilingi elfu thelathini. Wiki ya mvua humwachia matope.

Leo mawazo yake hayapo kwenye karoti. Anang'oa moja iliyo changa kabisa, anaitazama, kisha anairudisha udongoni kana kwamba itakubali kuota tena.

"Hilo usiliandike," anamwambia mwandishi, na anacheka kidogo. Kicheko chenyewe hakifiki mbali.

Kinachomkosesha usingizi ni safari ya watoto. Jumamosi hii, watoto wa Utoto Mtakatifu, chama cha watoto cha parokia yao, wanapelekwa kwenye bustani ya michezo iliyo nje kidogo ya Dar es Salaam. Kuna treni ya watoto, mabwawa ya kuteleza na gurudumu kubwa linalopandisha watu hewani. Mjukuu wake Witness, mwenye miaka tisa, analiota hilo gurudumu hata mchana.

Sharti ni kwamba kila mtoto aende na mtu mzima wa nyumbani kwao, atakayezunguka naye kutwa nzima. Mama yake Witness, Angelina, yuko kwenye mashamba ya miwa na msimu wa kukata umepamba moto. Mjomba Mikaeli ana watoto wake watatu wa kuwashika mikono. Amebaki bibi.

Katekista Yakobo anataka majina jioni ya leo. "Asiyeweza kutembea kutwa aseme mapema, tusije tukaaibishana huko," alitangaza baada ya misa. Hakumtaja mtu. Kanisa zima likajitahidi kutomtazama Devotha, na hapo ndipo alipoumia.

Kwa hiyo karoti zikishauzwa, bibi na mjukuu wanateremka hadi Mwembesongo, chini kwenye tambarare, kwenye kituo kidogo cha mazoezi ya viungo kinachoazimisha vifaa kwa wenye shida ya kutembea. Esther, mtaalamu wa mazoezi, anawapokea mlangoni.

"Shikamoo, Mama Angelina."

"Marahaba, mwanangu. Nimekuja kuchukua miguu."

Miguu iliyopo ni ya aina tatu: magongo ya kwapani, fremu ya chuma ya kuinua na kutua, na kitimwendo. Ile fremu yenye magurudumu na kiti chake, ambayo Esther angempa bila kujiuliza, imeazimwa na mwingine na haijarudi.

Fremu Devotha anaiinua mara mbili na kuiweka chini. "Hii ni ya kuvuka sebule," anasema. Kitimwendo hakigusi. Anakipita kwa mbali kama anayempita mbwa asiyemfahamu.

Anachukua magongo, na anataka kuyajaribu palepale. Wapi? Devotha huyo, anatafuta mlima. Nyuma ya kituo kuna ukingo wa mfereji wenye mwinuko wa kutisha, na kabla Esther hajamzuia, bibi ameshapanda, amegeuka na ameshashuka. Witness anapiga makofi.

"Yametosha haya," anasema Devotha akihema. "Kama nimepanda pale, tambarare itanishinda nini?"

Kosa hilo angelifanya mtu yeyote wa kule juu. Maisha yao yote kigumu ni mlima, na tambarare ni mahali pa kutua mzigo. Esther, aliyezaliwa Dumila pasipo na hata kichuguu cha maana, anatikisa kichwa na kuwapeleka kwenye uwanja wa mpira wa shule ya jirani.

"Zunguka, mama. Taratibu tu."

Upande wa kwanza wa uwanja anaumaliza vizuri. Upande wa pili macho yanaanza kuhangaika. Nyuma ya goli anasimama, anaachia gongo moja na kunyoosha mkono wa kushoto pembeni. Mkono unapapasa hewa. Anayumba, Esther anamdaka.

Wanamkalisha kwenye nyasi. Makwapa yamechubuka na uso umepauka. Ameogopa, na hafichi.

"Sikujua," anasema. "Kule nyumbani nikichoka, mlima uko hapa hapa begani. Nauegemea, nasogea. Huku hakuna kitu. Mtu wa huku akichoka anaegemea nini?"

Esther anarudi kituoni na kuja akisukuma kitimwendo. Devotha anageuza uso.

Ili kumwelewa inabidi kurudi kwenye njia ya kuteremkia sokoni. Wanawake wa kitongoji chake hushuka kwa msafara, vikapu kichwani. Anayechoka husema neno moja tu, "Bega," na mwenzake humpokea mzigo hadi kituo kinachofuata. Wanaume wanaobeba mgonjwa kwa machela hutumia neno hilohilo. Halina aibu, na kila mtu hulisema.

Kila mtu isipokuwa Devotha. Tangu usichana alikuwa na sifa ya kufika chini bila kupokewa, na sifa hiyo aliipenda kuliko kanga mpya. Siku aliyovunjika alikuwa na kikapu cha kabichi na njia ilikuwa imelowa. Rafiki yake Lucy alimuuliza mara mbili kama ampokee.

"Nikamjibu, bado. Mara ya tatu hakuwahi kuniuliza. Nilikuwa nimeshafika bondeni, mimi na kabichi zangu."

Mikaeli na wenzake walimteremsha kwa machela hadi barabarani. Kuanzia hapo, kubebwa akiwa ameketi au amelala ni kitu kilekile kwake. Alipotoka hospitali alikataa machela na kupanda mlima kwa fimbo, kutwa nzima, huku Mikaeli akimfuata nyuma akinung'unika.

Lakini hofu yake kubwa si machela. Anaisema kwa sauti ya chini, mtoto asisikie. "Nikikaa humo nani atanisukuma? Si huyu? Nampeleka akacheze, au nampeleka akawe punda wangu? Watoto wenzake wapande gurudumu, yeye ashike kiti? Bora tubaki."

Witness, ambaye amesikia kila neno, haonyeshi. Amekwishajirusha kwenye kitimwendo na anajizungusha kwa furaha.

"Hebu toka humo, si cha kuchezea!" Devotha anajikokota, anashika vishikio vya nyuma ili amshushe. Mikono imepata kitu. Anakiegemea, nacho kinasogea. Anapiga hatua, kiti kinatangulia, mtoto ndani yake.

"Mama, polepole!" Esther anakimbia. "Kikiwa kitupu ukakilemea, kitakupindukia. Uzito wa mtoto ndio unaokishikilia."

Wanabishana. Esther hapendi, na anasema wazi kwamba hapendi. Mwishowe anakubali kwa masharti. Kiti kitupu hakiegemewi kamwe. Mtoto akishuka kwenda kwenye michezo, bibi anafunga breki, anakaa na kumsubiri. Bibi akichoka wanabadilishana.

"Na useme kabla hujaishiwa, mama. Siyo baada."

Devotha anatazama chini. Sharti hilo limemwingia kuliko yote.

Wanaanza upya. Upande wa kwanza, wa pili. Witness anageuka kitini. "Bibi, bega?"

"Bado."

Wanapita goli. Mguu wa kulia umeanza kutetemeka, kila mtu anauona. Esther ameinua mikono tayari kudaka, midomo ameibana.

"Bibi, bega?"

"Bado, nimesema."

Hatua chache zaidi na kiti kinakwenda upande. Witness haulizi tena. Amemgeukia bibi yake na macho yameanza kulengwa na machozi. Devotha anayaona. Anasimama katikati ya uwanja, jasho linamtiririka, na anachukua muda mrefu kama mtu anayemeza kidonge kikubwa.

"Bega," anasema. Sauti ni ndogo mno.

Witness anaruka chini. Esther anashikilia kiti, Devotha anageuka na kukaa. Mtoto anasukuma kwa nguvu zake zote hadi kivulini, anafunga breki kama alivyoonyeshwa, kisha anatimka kwenda kucheza mpira na watoto wa shule. Bibi hakumpunja mchezo. Analiona hilo.

Kabla jua halijazama amempigia simu Katekista Yakobo: Devotha na Witness waandikwe, na garini iachwe nafasi ya kitimwendo. Yakobo anamuuliza kama ana hakika.

"Sina," anamjibu. "Wewe andika."

Wasiwasi haujaisha. Anahofia msongamano, anahofia mtoto kupotea, anahofia watu wa parokia watakavyotazama. Lakini ombi lake kwa Jumamosi ni moja. "Siombi mguu, mguu tumeshazoeana. Naomba lile neno litoke mapema."

Witness amerudi akiwa na vumbi hadi kwenye kope. "Kwenye gurudumu kubwa wote tunakaa, bibi. Kule juu hakuna wa kusukuma."

"Na nikiogopa?"

"Useme tu."

Devotha anacheka, na safari hii kicheko kinafika hadi golini. Mkono wake wa kushoto, bila yeye kujua, umenyooka pembeni kutafuta mlima, na umekuta kichwa cha mtoto.