Hatua Aliyoifuta Dishon

Kila Jumamosi alasiri, klabu ya sataranji ya Nanga pale Mbita hufanya jambo ambalo wageni huliona ni ukatili. Aliyeshindwa wiki hiyo, au aliyetoka sare na mtu aliyepaswa kumshinda, husimama mbele ya ubao mkubwa uliotundikwa ukutani. Huurudia mchezo wake hatua kwa hatua, na wenzake humwonyesha alipokosea. Haruhusiwi kusingizia jua, njaa wala kelele za pikipiki. Aliyeweka sheria hiyo ni Dishon mwenyewe, fundi wa injini za mashua, mzaliwa wa Rusinga, nahodha na kocha wa klabu kwa mwaka wa saba sasa. Mficha uchi hazai, huwaambia, nao humcheka kwa sababu huisema kila wiki kana kwamba ameitunga yeye.

Jumamosi hii zamu ilikuwa yake. Tangu asubuhi alikuwa ameifungua injini moja mara tatu bila kujua anatafuta nini ndani yake.

Watu wa klabu walidhani anaona haya kwa kuwa hakuiona njia ya kushinda katika siku ya mwisho ya ligi. Laiti ingekuwa hivyo. Aliiona vizuri sana. Aliiona, akaiandika, halafu akaifuta, na karatasi yenyewe ilikuwa mfukoni mwake, imekunjwa mara nne.

Sataranji alifundishwa Rongo akiwa kidato cha pili, na mwalimu wa hesabu aliyeitwa Susana. Mwalimu Susana hakuwa mtu wa kubembeleza. Kila Ijumaa baada ya masomo alimketisha mbele ya ubao na kumnyuka bila huruma, kisha akamweleza kwa nini amenyukwa. "Andika kwanza," alimwambia, "kisha ukalie mikono yako. Ukimaliza kuogopa ndio uguse kete." Kuandika hatua kabla ya kuicheza ni tabia ya kizamani, na waamuzi wa siku hizi hawaipendi, lakini Dishon hakuiacha. Katika miaka mitatu alimshinda Mwalimu mara moja tu. Siku hiyo Mwalimu alisimama, akampa mkono, akamnunulia soda, na Dishon akalala na furaha ambayo hajaipata tena hata siku ya harusi yake.

Miaka ilipita, akampenda Roseline, binti wa Mwalimu huyo huyo. Siku ng'ombe wa mahari walipoingia kwa kina Roseline, Dishon alipata mke na akapoteza mpinzani. Kwa jinsi mama yake mzazi alivyomlea, mwanamume hali chakula mbele ya mama mkwe, hampi mkono, wala hamkodolei macho. Wakikutana njiani, mmoja husogea kando. Heshima ni heshima, na Dishon aliishika barabara. Kwa miaka kumi na mmoja habari za Mwalimu alizipata kwa Roseline tu, na swali lake lilikuwa moja: je, Mama bado anacheza? Bado, Roseline alimjibu, ila anacheza peke yake, mkono wa kulia dhidi ya wa kushoto. Jibu hilo lilimchoma kila mara.

Basi ikaja siku ya mwisho ya ligi, Nanga dhidi ya Rongo, kwenye ukumbi wa Rongo. Kila timu ilikuwa na wachezaji wanne. Mshindi angekwenda ligi ya taifa, Nairobi, na kwa kuwa Rongo walikuwa mbele kwenye jedwali, sare ingewatosha wao. Nanga walihitaji ushindi. Dishon alipofika meza ya kwanza alimkuta mama mkwe wake ameketi upande wa kete nyeusi, miwani puani. Mchezaji bora wa Rongo alikuwa ameangushwa na malaria, nao wakaenda kumtoa mwalimu wao mstaafu nyumbani.

Dishon alirudisha kiti nyuma, akainamisha macho hadi ukingoni mwa ubao. "Mama," alisalimu. Mwamuzi, Mkisii mmoja aitwaye Kerosi, aliwaambia wapeane mikono kama kanuni inavyotaka. Mkono wa Dishon ulibaki gotini. Mwalimu naye akaweka wake chini ya meza. Kerosi alitikisa kichwa, akadhani ni utovu wa adabu.

Walicheza kwa muda wa saa nne. Kufikia hapo, upande wa Nanga, Levi alikuwa amepoteza, Byron ametoka sare, na Linet ameshinda. Linet ni fundi wa nguo pale Mbita, mwanamke wa miaka ishirini na sita anayejifunzia sataranji kwenye meza ya cherehani. Alikuwa ametoroka oda za sare za shule wiki nzima ili ajiandae, na mchezo wake ulikuwa safi hata wapinzani waliupigia makofi. Alikuja kusimama hatua chache nyuma ya Dishon, mikono kifuani. Kila kitu kilibaki kwenye meza ya kwanza. Sare hapo ingewapeleka Rongo, ushindi ungewapeleka Nanga.

Dishon alikuwa na askari mmoja aliyebakisha hatua moja tu kugeuka malkia. Ngome yake ilikuwa imesimama mbele ya huyo askari, imemzibia njia, na Mwalimu alikuwa anamvizia askari kwa nyuma kwa ngome yake mwenyewe. Maadamu mfalme mweusi angetulia pembeni, hakuna ambaye angefanya lolote. Ndipo Mwalimu, baada ya kusugua macho, akamsogeza mfalme hatua moja kuelekea katikati.

Lilikuwa kosa la uchovu. Sasa ngome ya Dishon ingeweza kukimbilia upande wa pili wa ubao, mraba wa h8, na kumwacha askari bila mlinzi. Mwalimu akimla, ngome inashuka hatua moja, inampa mfalme cheki, mfalme anakimbia, na ngome nyeusi iliyokuwa nyuma yake inaliwa. Asipomla, askari anakuwa malkia. Kila njia ni kifo. Dishon alikuwa amewafundisha wanachama wake mtego huo mwezi wa pili.

Aliandika hatua hiyo. Akakalia mikono yake, kama alivyofundishwa. Kosa lake ni kwamba akiwa amekaa hivyo aliinua macho, jambo ambalo hakupaswa kufanya, akaona si mchezaji wa kete nyeusi bali mama yake Roseline, mzee, amezungukwa na watu arobaini wa mji wake waliokuja kumshangilia. Yeye mkwe ndiye amwaibishe mbele yao? Moyo ulimkataa. Akachukua kalamu, akaifuta ile hatua kwa mstari mmoja.

"Mama," alisema, "tuseme ni droo?"

Mwalimu alimtazama muda mrefu, kisha akatia sahihi kwenye karatasi ya mchezo. Ukumbi ulilipuka kwa shangwe. Linet alimgusa Dishon begani akamwambia, "Hata wewe ni binadamu, Kocha." Maneno hayo ya kumfariji ndiyo yaliyomtesa wiki nzima kuliko tusi lolote.

Kwa mkewe pia hakusema kitu. Ijumaa jioni Roseline alimwambia, "Mama anauliza klabu yenu hukutana saa ngapi." Dishon alijibu saa tisa, bila kufikiri, kwa sababu kichwa kilikuwa kwingine.

Saa tisa alisimama mbele ya ubao, akaupanga mchezo. Alipofika pale mfalme mweusi aliposogea, aliacha kusogeza kete. "Hapo tukatoka sare," alisema, akageuka.

Haikupita hata dakika moja. "Ngojeni," alisema Levi. "Si hapa ni ngome h8?"

Wote waliangalia. Linet alisogea karibu na ubao, akaifuata ile njia kwa kidole, akarudi tena mwanzo kuhakikisha. "Kocha, hii ni ile ya mwezi wa pili. Si wewe ndiye ulitufunza hii?"

Dishon alifungua mdomo ajibu, na mlango ukafunguka. Mwalimu Susana aliingia na mkoba wake wa ukili. Watu walisimama. Dishon alisogea ukutani kabla hata hajafikiri, kama anavyofanya njiani.

"Nimekuja klabu," alisema Mwalimu bila kumtazama. "Sijakuja kwako, kwa hivyo usikimbie. Endeleeni." Akaketi kiti cha nyuma.

Njia ya mwongo ni fupi, lakini Dishon bado alitaka kuijaribu. "Nilikuwa nimechoka," alisema.

"Ulichoka kabla ya kuandika ama baada?" Mwalimu aliuliza. "Nimesoma madaftari ya wanafunzi juu chini miaka thelathini. Meza ile ni nyembamba, nilikuona ukiandika."

Dishon alitoa karatasi mfukoni, akaikunjua, akampa Linet, kwa kuwa ndiye aliyestahili kuiona kwanza. Linet alisoma kilichokuwa chini ya mstari.

"Ni mama mkwe wangu," Dishon alisema. "Ningemshindaje mbele ya watu wa kwao? Nilishindwa. Nimewauza, na nikawadanganya. Nawaomba msamaha."

"Mimi nilikuwa nishaona nimekwisha," alisema Mwalimu. "Nilikuwa nanyoosha mkono nisimamishe saa, nikubali kushindwa. Wewe ukaniomba droo. Jumapili kanisani wameniita mbele, wakanipigia makofi, nami nimesimama pale nikijua nimepewa kama mzee anayepewa kiti. Miaka kumi na mmoja nimengoja mtu wa kucheza naye, ora. Nikampata, akanihurumia." Ora ni mkwe, na hakuwahi kumwita hivyo kabla ya siku hiyo. Akawageukia wengine. "Asiyekubali kushindwa si mshindani, ndivyo methali inavyosema. Na asiyekubali kushinda, yeye mnamwita nani? Lakini mimi pia nilitia sahihi. Ningeweza kukataa. Nilitaka yale makofi. Hilo ni langu, si lake."

Akainuka, akaketi kwenye meza ndogo, akapanga kete zote pale pale zilipokuwa. "Cheza."

Dishon aliketi. Aliichukua ngome, akaipeleka h8. Mwalimu hakungoja zaidi. Alimlaza mfalme wake ubavu, ishara ya kukubali kushindwa, kisha akanyoosha mkono juu ya ubao.

Dishon aliutazama mkono ule. Kila alichofundishwa kwao kilimkataza, na kila alichofundishwa na mwanamke huyu kilimwamuru. Akaupokea. Ulikuwa mdogo kuliko alivyoukumbuka. Levi alianza kupiga makofi, wawili watatu wakamfuata, na kwa muda mfupi Dishon alihisi kifua kinafunguka.

Linet hakupiga makofi. Alikuwa anaikunja ile karatasi mara nne, kwenye mikunjo yake ile ile.

"Mmeelewana, ni vizuri," alisema. Hakuwa na hasira sautini, na hilo ndilo lililotisha. "Mimi nilishinda. Nilishinda kweli, mkiona wote. Sasa ushindi wangu niende kuuchukua wapi?"

Aliiweka karatasi mezani, kando ya mfalme aliyelala, akachukua mkoba wake. Dishon alimgeukia mwalimu wake, kama zamani alipokwama, amwonyeshe hatua. Mwalimu Susana alikuwa ameinamisha macho.