Pumzi ya Mtoro

Sitaki mtu aniambie ni presha. Presha ninayo, vidonge ninavyo, na daktari ninaye; kisa hiki si chao. Kilinitokea mimi mwenyewe, mchana kweupe, nikiwa nimeshiba na sijaonja hata tone la pombe ya mbege. Najua wenzangu hukutana na mizimu usiku wa manane, bundi akilia. Mimi wangu alinipata baada ya chakula cha mchana, nikiwa na mwavuli. Hata katika mambo ya kutisha sina heshima.

Asubuhi ya siku hiyo nilikuwa mjini nikizungumza na walimu kuhusu hofu. Hofu ndiyo niliyoisomea chuo kikuu, na ndiyo ninayoiandikia makala mpaka leo. Niliwaeleza jinsi mwili unavyojihami: ukiona hatari moyo unakwenda mbio, mate yanakauka, tumbo linaacha kazi yake, damu inakimbilia miguuni, na mtu anapigana, anakimbia au anaganda. Hatari ikipita, mwili unatulia. Na dawa yake? Vuta pumzi polepole. Walinipigia makofi. Nikaondoka najiona mganga.

Ninaishi Sekei, hapo Arusha mjini, lakini mama yangu yuko juu mlimani, upande wa Wameru. Ukiacha barabara unapanda katikati ya kahawa na migomba, kwa njia yenye uzio wa masale pande zote mbili. Kwa asiye wa huku, isale ni mmea wa majani marefu tunaoupanda mipakani. Ukimkosea mtu, unachuma jani lake, unalifunga fundo, unampelekea. Akishaliona, hawezi kukukatalia msamaha, hata kama umemuulia ng'ombe. Ndivyo tulivyolelewa, na kila mtoto wa huku hukua akidhani dunia nzima inajua hivyo.

Nikiwa nusu ya njia, ukungu ukashuka. Ukungu wa Meru si mgeni kwangu. Kilichokuwa kigeni ni ukimya. Pikipiki zilizokuwa zikinguruma bondeni zilinyamaza zote. Nikageuka nyuma. Nguzo ya umeme niliyotoka kuipita haikuwapo.

Ndipo nikasikia mtu anahema.

Alikuwa amechuchumaa nyuma ya masale, kijana wa umri wa mwanangu mkubwa, amejifunga kipande cha ngozi kiunoni. Mshipa wa shingo ulikuwa ukimrukaruka nikiuona.

"Chuchumaa, baba," alininong'oneza kwa Kimeru cha zamani, kile cha bibi yangu. "Wanakuja."

"Akina nani?"

"Askari wa Mjerumani."

Nilitaka kucheka. Kisha nikaona mabega yake. Ngozi ilikuwa imechubuka mpaka nyama inaonekana. Alisema anabebeshwa mawe ya kujengea boma la Wajerumani kule Arusha, na kwamba mkewe amejifungua na yeye hajamwona mtoto. Jiwe moja lilimponyoka likavunjika. Akafanya alichofundishwa na baba yake: akachuma isale, akalifunga, akampelekea askari aliyekuwa akiwasimamia.

"Hakulipokea, baba. Aliliona kwa macho yake, akacheka, akanichapa. Mtu gani anamchapa mwenye isale?"

Amini usiamini, hilo ndilo lililokuwa likimtetemesha kuliko kiboko. Hapo ndipo alipokimbia. Alichotaka ni kimoja tu: afike nyumbani amwone mtoto.

Na mimi, msomi, nikafanya nini? Nikamwambia, "Vuta pumzi polepole, mwanangu."

Alinitazama kama mtu anayemtazama kichaa. "Nikivuta watanisikia."

Buti zikasikika. Askari akachomoza kwenye ukungu, kaki yake imenyooka, kofia yenye kitambaa cha kufunika shingo, kiboko mkononi. Alikuwa mweusi kama mimi, na Kiswahili chake kilitoka pwani moja kwa moja.

"We mzee wa mwavuli! Mtoro kapita hapa?"

Naomba unisikilize vizuri, maana hapa ndipo ninapokasirika mpaka leo. Mdomo ulikauka. Chakula cha mchana kikaomba kutoka. Nilijua jina la kitaalamu la kila kilichokuwa kikinipata, na hakuna jina hata moja lililonisaidia. Ulimi ulipopata nguvu, unajua ulisema nini?

"Shikamoo, bwana."

Kwa mtoto ambaye ningeweza kumzaa!

"Marahaba, mjukuu wangu," akanijibu, akacheka mpaka akashika kiuno. "Watu wa mlimani nyie! Mwenzako kaniletea jani. Nikamwuliza, kwani mimi mbuzi?"

Akayachapa masale kwa kiboko, akapita jirani kabisa na yule kijana, ambaye sasa hakuwa akihema hata kidogo, akazama kwenye ukungu. Mimi sikuwa nimesema neno jingine. Watu wakiniuliza, nasema ulikuwa ushujaa. Wewe nakwambia ukweli: niliganda.

"Kapita," nilinong'ona nilipoweza.

"Atarudi. Hurudi kila ukungu ukishuka."

Kila ukungu ukishuka! Mjerumani ameondoka, askari yule amekufa, na wajukuu zake huenda nao ni marehemu. Boma watalii wanalipiga picha. Na kijana huyu bado amechuchumaa, moyo unamwenda mbio, kwa sababu hakuna aliyemwambia kwamba yamekwisha. Hatari ikipita mwili unatulia, eti. Nani aliniambia upuuzi ule, nami nikawalisha walimu wa watu?

Akaninyooshea jani. Lilikuwa na fundo, na lilikuwa bichi.

"Lipokee wewe, baba. Useme yameisha, niende nikamwone mtoto."

Sikulipokea. Hasira ilinipanda hata hofu ikasogea pembeni. "Umekosa nini wewe?"

"Jiwe, baba. Lilivunjika."

"Jiwe la nani? Si la mlima huuhuu?"

Alibaki ameninyooshea lile jani. Nikachuma jani kwenye uzio, nikalifunga fundo, nikapiga magoti matopeni na suruali yangu ya kuhutubia, nikampa kwa mikono miwili.

"Wewe ndiye unayepelekewa," nikasema. "Waliokukosea ndio waliopaswa kulileta, hawakulileta."

Alilitazama. Wote wawili tulijua hawezi kukataa. Akalipokea, kisha akashusha pumzi moja ndefu, kama mtu anayetua mzigo begani. Akasimama, akapanda kwenye migomba akitembea. Hakukimbia. Ukungu ukamfunika, na bondeni pikipiki ikapiga honi.

Nilimkuta mama yangu jikoni anamenya ndizi.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Mbona unahema kama umefukuzwa?"

Nikamweleza. Hakucheka. Aliendelea kumenya mpaka nikamaliza.

"Aliyepeleka jani ni wewe?"

"Ni mimi."

"Basi mkosaji ni wewe. Anayelipeleka ndiye anayeubeba mzigo."

"Lakini mama, mimi sikumkosea!"

"Ungefikiri kabla ya kufunga fundo, msomi wangu."

Tangu hapo, kila ukungu ukishuka, hata niwe mjini, moyo unanienda mbio, mate yananikauka, na masikio yanatafuta buti. Daktari anasema presha. Navuta pumzi polepole kama nilivyowafundisha wengine, haisaidii kitu. Ninachojua ni kwamba kijana amefika kwake, na hilo silijutii. Linaloniudhi ni jingine. Walioagiza mawe yale hawakuwahi kuhema hivi. Walilala vizuri, na vizazi vyao vinalala vizuri, na mimi niliyezaliwa bendera yao ikiwa imeshashushwa zamani ndiye ninayeamka nimelowa jasho.

Kwa hiyo ukipanda kule, ukungu ukashuka na pikipiki zikanyamaza, usije ukamfundisha mtu kuhema. Usilipokee jani lake, maana hana kosa. Na lako usilifunge kwa huruma tu, utalibeba mpaka kaburini. Ila kama wewe ni wa ukoo wa wale waliopaswa kulileta, njoo. Masale yamejaa njia nzima, na sidhani kama aliyekuwa akikimbia alikuwa mmoja.