Kigelegele cha Bibi kwa Daktari wa Meno

Juzi nilikuwa kliniki ya meno hapa Dodoma mjini, nikisubiri zamu yangu, nikamsikia bibi mmoja kutoka Haneti akizungumza na daktari kijana. Mlango ulikuwa wazi, na bibi hakuwa mtu wa kunong'ona.

"Shikamoo, bibi. Jino lilivunjikaje?"

"Marahaba, mwanangu. Nililifungulia soda."

Lilikuwa jino la mbele, limekatika nusu. Tangu siku hiyo, alisema, hucheka akiwa ameziba mdomo kwa kanga, na kanisani ameacha kupiga vigelegele. Sasa Jumamosi mjukuu wake anahitimu chuo kule ukumbi wa Chimwaga, wa kwanza katika ukoo. "Nani atampigia vigelegele? Wajomba?"

Daktari akacheka, akafunga mlango. Baada ya kama saa moja bibi akatoka, jino limejaziwa likalingana na jirani yake. Daktari akamfuata, akampa kioo. Akajitazama, akaligusa kwa ncha ya ulimi, machozi yakamlenga. Kisha akashusha kanga, akapiga kigelegele kirefu kilichomleta mlinzi mbio kutoka getini. Kina mama wawili waliokuwa wameshika mashavu yao yaliyovimba wakamwitikia, nasi wengine tukapiga makofi.

"Bibi, soda usifungue tena kwa meno," daktari akasema. "Hata hili litavunjika."

"Jumamosi nitakunywa maji, mwanangu."

Hadi siku hiyo, nami nilikuwa miongoni mwa wale wanaosema kurembesha meno ni anasa ya watu wa mjini. Zamu yangu ilipofika, niliingia nikiwa bado napiga makofi.