Maneno Arobaini na Nane kwa Dakika

Shuleni kwetu Sumbawanga tulikuwa na kompyuta moja tu, yenye programu ya kupima kasi ya kuchapa. Mwalimu akatangaza: atakayeongoza mpaka Ijumaa atachapa ratiba ya mahafali, wengine wote shambani kupalilia mahindi.

Aliyeongoza ni Restituta, maneno arobaini kwa dakika. Mimi na jembe hatuelewani, kwa hiyo Ijumaa wakati wa mapumziko nikaingia kwa jina lake, nikachapa kwa viwiko ili nimharibie. Wapi. Programu ilitunza alama ya juu tu.

Basi nikaamua kushindana kihalali, palepale. Pamoja na baridi yetu, vidole viliwaka moto: maneno arobaini na nane, kosa hata moja hakuna. Nikapanda juu ya benchi, nikaita darasa zima na mwalimu.

"Njooni muone kidume anavyochapa."

Mwalimu akainama, akasoma kwenye kioo taratibu: "Bingwa, Restituta." Akanigeukia. "Na wewe uliingiaje kwa jina lake?"

Restituta akanipa mkono. "Asante, mshikaji. Jembe langu liko nyuma ya mlango, nimelitia mpini mpya."